Nyumba, Kichwa, Slipu

Ukimwambia kijana wa Kibiti leo kwamba unadaiwa kodi ya nyumba, atakuonea huruma na kukuuliza mwenye nyumba wako ni mkali kiasi gani. Kwake kodi ya nyumba ni ile inayolipwa kwa mkupuo, miezi mitatu au sita, kwa mtu mwenye chumba unachopanga. Wanaoijua vizuri ni walimu wapya, wauguzi wapya na makarani wa halmashauri walioshushwa na basi pale stendi wakiwa na begi moja na barua ya ajira. Mwaka 1898 maneno hayohayo yalikuwa na maana nyingine. Ulidaiwa kodi kwa nyumba uliyoijenga mwenyewe, kwa miti uliyoikata na udongo ulioukanda mwenyewe, na aliyekudai hakuwa na ufito hata mmoja ndani yake.

Wengi nje ya Pwani mlilisikia jina la Kibiti kwa mara ya kwanza mwaka 2017, wakati wa mauaji ya askari na viongozi wa vijiji. Sisi tuliokulia huku tunachoka kidogo kuulizwa hilo tu. Kibiti ni mji wa barabara ya Kilwa, wa korosho, ufuta na mihogo. Ukishuka mashariki unafika Nyamisati, zinakopakia boti za Mafia, na ukienda kusini unauvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Hadi miaka ya 2010 yote hii ilikuwa Wilaya ya Rufiji, yenye makao Utete. Mimi ninasoma shahada ya uzamili katika historia, na sehemu ya utafiti wangu ni namna watu wa bonde hili walivyotozwa kodi. Nilianza nikidhani ninasoma habari za mababu. Katikati ya kazi nikajikuta ninasoma karatasi zangu mwenyewe za mshahara.

Sheria ya Wajerumani ya kodi ya nyumba ilitolewa Novemba 1897 na kuanza kutumika mwaka uliofuata. Nyumba ya kawaida ya mwananchi ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Kiasi hicho huonekana kidogo hadi uulize rupia ilipatikana wapi. Mrufiji alikuwa na mpunga, mahindi, samaki na asali. Alilima mara mbili: kwa mvua, na tena kwa mlao, yaani pale maji ya mafuriko yanapokauka na kuacha udongo mnono. Chakula alikuwa nacho, rupia hakuwa nayo. Mwanzoni kodi iliweza kulipwa hata kwa mazao au kwa kazi, lakini shabaha haikufichwa. Serikali ilitaka fedha, na ilitaka pia watu wanaolazimika kuitafuta fedha, kwa kuuza pamba au kuuza nguvu zao.

Kodi ile iliuliza swali moja tu: una nyumba? Haikujali kama mwaka ule mto ulifurika na kusomba shamba zima. Watu nao wakajibu kwa akili ya watu. Koloni zima walianza kubanana, ndugu na wake na watoto chini ya paa moja, kwa kuwa paa moja lilikuwa kodi moja. Serikali ikaona inachezewa, na mwaka 1905 sheria mpya ikafungua mlango wa kodi ya kichwa. Sasa swali likawa fupi zaidi: upo? Ukiwa mwanaume mzima na unapumua, unadaiwa.

Hapa lazima nizungumzie pamba, kwa sababu ndiyo iliyokuja na kitu kinachofanana na mshahara. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja kwenye maeneo ya majumbe kusini mwa pwani. Kila mtu mzima alitakiwa kutoa siku 28 za kazi kwa mwaka, na mapato yalipaswa kugawanywa kwa mafungu matatu: la wafanyakazi, la jumbe, na la chombo cha wilaya kilichosimamia biashara yenyewe. Kwenye karatasi ulikuwa mpango wa kupendeza. Malipo yalipofika katika eneo la Dar es Salaam, fungu la mfanyakazi mmoja kwa mwaka mzima lilikuwa, kwa hesabu ya wanahistoria, senti 35. Wengine walikataa kuzipokea. Ukichukua rupia kuwa senti 100, kodi ya rupia 3 ilikuwa zaidi ya mara 8 ya malipo hayo. Mtu angelima pamba ya jumbe miaka minane na bado asingemaliza kodi ya mwaka mmoja.

Shuleni tulikariri sababu za Vita vya Maji Maji kama tunavyokariri jedwali la kuzidisha: kodi, kazi za kulazimishwa, ukatili wa maakida, kunyang'anywa ardhi. Ukiandika nne unapata alama nne. Hakuna mwalimu aliyetueleza kwamba sababu mbili za kwanza zilikuwa hesabu moja. Kazi isiyolipa na kodi isiyosubiri ni pande mbili za daftari, na aliyezisoma pamoja aliona kwamba daftari halifungi. Julai 1905 wakulima wa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyekuwa akigawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Mohoro iko upande wa kusini wa mto, na mtu akitoka Kibiti kwa pikipiki anafika kabla ya chakula cha mchana. Vita na njaa iliyofuata viliua watu wengi kiasi kwamba makadirio yenyewe yanapishana vibaya: Wajerumani walisema 75,000, na Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Umatumbi, alifikia 250,000 na zaidi.

Waingereza walipokuja, swali halikubadilika. Sheria yao ya mwaka 1922 ilijiita kwa jina la yote mawili, nyumba na kichwa, na aliyeshindwa kulipa aliweza kupelekwa kufanya kazi hadi deni liishe. Wanaume wakaenda kutafuta shilingi. Wengine walibaki kwenye delta wakikata boriti za mikoko zilizopanda majahazi kwenda Uarabuni, wengine walikwenda Dar es Salaam, na wengine kwenye mashamba ya mkonge ambako walipewa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku ile unawekewa alama, usipomaliza huna siku. Malipo yalikuja nafasi zote 30 zikijaa, hata kama kalenda ilishavuka mwezi kitambo. Neno mshahara limetokana na Kiarabu, lenye mzizi wa neno mwezi. Mwezi wa kipande ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa Mungu.

Kilichonivutia zaidi katika kipindi hiki ni karatasi ndogo sana, stakabadhi ya kodi. Mlipaji ndiye aliyetakiwa kuitunza. Akisimamishwa njiani bila hiyo, hakuna aliyefungua daftari kutafuta jina lake. Hakuwa na karatasi, basi hakulipa.

Nilidhani huo ulikuwa ukoloni tu, hadi bibi aliponifungulia sanduku lake. Lipo chini ya kitanda, na ndani mna kanga ambazo hazijavaliwa, cheti cha kliniki cha mjomba, na fungu la stakabadhi zilizofungwa kwa uzi. Ni za kodi ya maendeleo, za babu, za miaka ya 1980 na 1990. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 na kurudishwa katika miaka ya 1980, na zikarudi na kodi ya kichwa kwa jina jipya. Bibi anakumbuka mgambo walivyopita alfajiri, na wanaume walivyotangulia shambani kabla ya jogoo, wengine wakilala hukohuko kwenye dungu kana kwamba wanalinda mpunga dhidi ya nguruwe.

"Babu yako hakukimbia," aliniambia. "Alilipa, na karatasi nikaficha mimi. Karatasi ya serikali haitupwi, mume wangu. Mwenye kudai anasahau kwamba ulilipa, ila hasahau kudai."

Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, mwaka uleule lilipofunguliwa Daraja la Mkapa. Babu alishafariki. Stakabadhi hazijatupwa.

Sambamba na historia hii ya vichwa na mapaa kulikuwa na nyingine, iliyopita mbali kidogo na Rufiji. Kodi ya mapato ilianzishwa Tanganyika mwaka 1940, wakati wa vita, miaka mitatu baada ya Kenya. Yenyewe iliuliza swali tofauti kabisa: umepata kiasi gani? Na ilikusubiri ujibu, kwa fomu, ukieleza mapato, gharama na watu wanaokutegemea. Waliojaza fomu hizo walikuwa zaidi Wazungu na Waasia wenye kipato. Nchi moja ikawa na watu wa fomu na watu wa stakabadhi. Mtu wa fomu alitozwa baada ya kuulizwa, na aliweza kubishia hesabu. Mtu wa stakabadhi alitozwa kwa kuwepo kwake.

Upareni serikali ilijaribu kuchanganya mambo hayo mawili. Katika miaka ya 1940 ilianzishwa kodi ya ziada, iliyoitwa mbiru kwa jina la ushuru wa kale, ambayo kila mtu angelipa kwa kadiri ya mali yake. Kwa nadharia ni kodi ya haki kuliko ya kichwa, maana mwenye ng'ombe wengi alipe zaidi. Tatizo lilikuwa hesabu. Makadirio yalifanywa na wakubwa wa eneo, na mtu hakuweza kuona wameyafikiaje. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kupinga, na ubishi ukaendelea kwa muda mrefu. Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima kuhusu suala hilo mwaka 1971. Ninachokipenda katika kisa chao ni kwamba hawakukataa kulipa kodi. Kodi ya kiwango kimoja walikuwa tayari kuitoa. Walichokataa ni kiasi kinachotoka kichwani mwa mtu mwingine.

Leo swali la kodi ya mapato limetufikia sisi wote wenye barua za ajira, ila hakuna anayetuuliza. Linajibiwa kwa niaba yetu. Uingereza ilianzisha mwaka 1944 utaratibu wa mwajiri kukata kodi kabla mshahara haujamfikia mfanyakazi, na nchi nyingi zilizotawaliwa nayo zikaufuata. Kwetu unaitwa Lipa Kadiri Unavyopata, au PAYE kama tunavyozoea. Upo chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, na unasimamiwa na TRA, mamlaka iliyoanza kazi Julai 1996. Mwajiri anakata na anatakiwa kupeleka fedha ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Kama kipato chako chote ni mshahara wa mwajiri mmoja, kwa kawaida hujazi ritani yoyote ya mwaka. Ni utaratibu mwepesi mno. Hakuna mgambo, hakuna kulala kwenye dungu. Wepesi huo ndio unaonitia shaka, kwa sababu nimekutana na walimu wenye digrii mbili ambao hawawezi kusema mstari wa tatu wa slipu zao unatoka wapi.

Basi tuifungue slipu moja. Chukua mwalimu wa shule binafsi mwenye mshahara wa Sh 600,000, aliyesoma kwa mkopo. Kwanza linatoka fungu la NSSF, asilimia 10, yaani Sh 60,000. Kodi haitozwi kwenye laki sita zote, inatozwa kwenye 540,000 zilizobaki, na hapa ndipo wengi wanapotea. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, Sh 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, ambayo ni Sh 20,000. Zilizobaki, 20,000 tu, zinatozwa asilimia 20, yaani Sh 4,000. Jumla ya PAYE ni Sh 24,000. Kisha inakuja Bodi ya Mikopo na asilimia 15 ya mshahara wa msingi, Sh 90,000. Mkononi zinabaki 426,000.

Angalia sasa nani amechukua nini. Vijana wengi wa rika langu hulaani "kodi" wakiona laki moja na elfu sabini na nne zimeondoka. Kodi ni 24,000. Elfu sitini ni akiba yako ya uzeeni, na mwajiri anatakiwa kuongeza elfu sitini nyingine kutoka mfukoni mwake. Elfu tisini ni deni ulilolikopa ukiwa na miaka 20, ukalitumia kwa hosteli, chipsi na, kwa baadhi yetu, simu. Hayo ni makato matatu ya asili tatu, na yakitiwa kwenye kapu moja mtu anamgombeza asiyehusika. Kuna pia anayeogopa kupandishwa mshahara kwa kudhani kwamba akivuka daraja, fedha yote itatozwa kiwango kikubwa. Si kweli. Mwalimu wetu akiongezewa laki moja, PAYE inakuwa Sh 42,000, na mkononi anapata 483,000, yaani 57,000 zaidi ya jana. Katika laki ya nyongeza, 43,000 zimeishia njiani, na unaweza kununa kwa hilo, ila hujarudi nyuma.

Mwenye kufundisha shule mbili ajue kwamba ajira ya pili hukatwa asilimia 30 moja kwa moja, bila ile 270,000 ya msamaha. Na mwenye kupewa mkataba unaomwita mtoa huduma, akakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 tu, asishangilie haraka. Hana NSSF, hana likizo, na mbele ya sheria huenda hana mwajiri.

Hata kodi ya paa imerudi, tukiwa humohumo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Kwa hiyo mwalimu mpya wa Kibiti analipa kodi ya nyumba mara mbili, moja kwa mwenye nyumba na nyingine kwa nyumba isiyo yake.

Ukiyatazama haya kwa macho ya historia, mwajiri amekaa kwenye kiti cha jumbe. Jumbe alikusanya kutoka kwa watu wake na kupeleka juu. Watu walijua alichopokea, lakini alichokipeleka hawakukijua. Kati ya kukatwa na kufikishwa kuna njia, na njiani kuna giza.

Ninalisema hilo nikilijua. Kabla ya kurudi chuoni nilifundisha miezi 11 katika shule moja binafsi wilayani humu. Kila mwezi nilipewa slipu safi, yenye muhuri, na mstari wa NSSF ulikuwepo kila mara. Nilipoomba taarifa ya michango yangu kwa simu nikakuta miezi 4. Fedha ya miezi 7 ilikatwa kwenye mshahara wangu na haikuonekana ilikokwenda. Niliwauliza wenzangu watatu wakaangalia zao, nao wakakuta mapengo, ya miezi ileile. Mhasibu alituambia kwa upole kwamba ada za wanafunzi zinachelewa, na kwamba sisi ni vijana, uzee uko mbali.

Kisheria deni hilo ni la mwajiri, si letu. Lakini kila ofisi tuliyoingia, swali la kwanza lilikuwa moja: una slipu? Mwenzetu mmoja alikuwa amezitupa zote, kwa kuwa alizoea kuangalia ujumbe wa benki tu. Nilichokuwa nacho mimi kilitokana na bibi, ambaye tangu mshahara wa kwanza alikuwa akinipokonya ile karatasi nikirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Hasomi herufi za Kirumi vizuri, alisoma kwa Kiarabu madrasa, ila aliijua karatasi ya makato alipoiona. Zilikuwa 11, zimefungwa uzi, juu ya zile za babu.

Tuliandika barua tukaambatanisha nakala. Miezi miwili baadaye taarifa yangu ilionyesha michango ya miezi 9. Miwili bado. Mwenzetu asiye na slipu ameambiwa asubiri shule itafute kumbukumbu zake, na anasubiri. Bibi amekataa kunirudishia karatasi halisi. Anasema nikitaka nakala nyingine niende nipige picha pale pale chini ya kitanda.